Mfungwa asiye na hatia anatokaje? Kutoka Gereza la Lilungu hadi Mahakama ya Rufani

Riwaya za kisheria za Marekani zinazosimulia mfungwa aliyefungwa kimakosa zina mwendo wake, na mpenzi wa hadithi hizo huujua kabla hajafika sura ya pili. Mtu yuko ndani miaka ishirini na ushee kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Anatokea wakili asiye na hela, pengine ni mchungaji pia, anazunguka na gari bovu kuwasaka mashahidi wa zamani. Shahidi mmoja anakiri kwamba alisema uongo kwa kuahidiwa kupunguziwa kifungo chake. Mtaalamu wa matone ya damu anabainika alikuwa anabahatisha. Mwisho muuaji wa kweli anajulikana, na lango la gereza linafunguka.

Msomaji wa Mtwara au Lindi mwenye ndugu yake Lilungu akimaliza hadithi ya namna hiyo, ni rahisi aamini kwamba na kwetu njia ni hiyohiyo: mtafute aliyefanya kweli, mpeleke polisi, ndugu yako atatoka. Ziko familia zinazomaliza hela za korosho kwa hangaiko hilo. Maoni yangu ni kwamba wanachimba pasipo na maji. Kwetu mfungwa wa aina hii akitoka, mara nyingi anayemtoa ni hakimu yuleyule aliyemfunga, kwa maandishi ya mkono wake. Jalada lake mwenyewe ndilo linalomtoa. Na mambo yanayotazamwa ndani ya jalada hilo ni mengine kabisa na yale ya kwenye riwaya.

Tuanze na kwa wenzetu, maana hadithi zile hazikuzuka hewani. Mwaka 1983 Jim McCloskey, aliyesomea uchungaji Princeton, alianzisha Centurion Ministries kwa kazi moja: kuchukua kesi ya mtu aliyekwisha kushindwa rufaa na kuichunguza upya toka mwanzo. Mwaka 1989 vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vilisafisha jina la mfungwa wa kwanza nchini humo. Mwaka 1992 mawakili Barry Scheck na Peter Neufeld wakaanzisha Innocence Project jijini New York, na tangu hapo mamia ya watu wametolewa kwa vipimo hivyo. Haya yanawezekana kwa sababu majimbo yametunga sheria zinazomruhusu mfungwa aliyemaliza rufaa zote kurudi mahakamani akiwa na ushahidi mpya. Vielelezo vya zamani navyo aghalabu hutunzwa. Ukikuta shati lenye damu la miaka ishirini iliyopita bado liko kwenye boksi la polisi, una pa kuanzia.

Tanzania vipimo tunavyo. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ni ya mwaka 2009, na sampuli hupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Tusichokuwa nacho ni mlango maalumu wa kumrudisha mahakamani mtu ambaye rufaa yake ya mwisho imekwisha kutupwa, eti kwa kuwa leo kimepatikana kipimo kipya. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zina uwezo wa kupokea ushahidi wa ziada wakati rufaa inaendelea, ila huutumia kwa nadra mno. Lazima uonyeshe kwamba ushahidi huo usingepatikana wakati wa kesi hata kwa bidii, kwamba unaaminika, na kwamba ungeweza kubadili matokeo. Shahidi anayekuja miaka sita baadaye kusema "nilidanganya" huwa anaanza kwa kujivunjia uaminifu wake mwenyewe.

Kwa hiyo kinachobaki ni jalada. Nalo lisomwe vipi?

Tuchukue kesi ya kubuni, ya aina inayoweza kutokea kona yoyote ya ukanda wa korosho. Ni Novemba, Tandahimba, fedha za mnada zimeingia. Mkulima ametoka kuchukua hela zake, yuko nyuma ya bodaboda, saa mbili usiku. Njiani katikati ya mashamba watu watatu wenye mapanga wanawasimamisha, wanampiga ubapa wa panga begani, wanachukua hela na simu. Siku mbili baadaye anakamatwa kijana wa kijiji cha pili. Mahakama ya Wilaya inamtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Adhabu yake kisheria haipungui miaka 30, kwa hiyo hata hakimu angemhurumia vipi, hana pa kupunguza. Kijana hakuwa na wakili. Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Wa unyang'anyi mara nyingi hujitetea mwenyewe, naye huenda hajawahi kuingia mahakamani maishani mwake.

Ushahidi dhidi yake uko wa namna tatu: mkulima anasema alimtambua, polisi wana maelezo ya onyo (yale anayoandikwa mtuhumiwa kituoni baada ya kuonywa kuhusu haki zake) ambamo amekiri, na simu ya mkulima imekutwa kwake. Kwa mtu wa mtaani hapo kesi imekwisha. Kwa jaji wa rufaa ndiyo kwanza inaanza.

Utambuzi ndio ningeushughulikia kwanza. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1980 na ambayo mpaka leo hakuna wakili wa jinai asiyeitaja, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ndio dhaifu kuliko wote na usiotegemeka kirahisi. Mahakama isiutumie mpaka iridhike kwamba uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Ikaweka na mambo ya kuuliza: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, je, alikuwa akimfahamu kabla? Hukumu za baadaye zikakaza zaidi. Haitoshi shahidi kusema "kulikuwa na mwanga". Aseme ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani.

Sasa turudi shambani. Mkulima aliiambia mahakama kwamba mbalamwezi ilikuwa inawaka. Anayeishi kusini anajua mkorosho mkubwa ulivyo: matawi yametanda mpaka yanakaribia kugusa chini, na mikorosho iliyopandwa karibu hushikana ikawa paa moja. Mwezi uwe mpevu namna gani, chini ya mikorosho ni giza. Kama jalada linaonyesha tukio lilikuwa chini ya mikorosho na hakuna mahali shahidi alipoeleza mwanga ulifikaje pale, hilo ni pengo. Na akisema walikuwa na tochi, swali linalofuata ni nani aliyeishika. Mhanga akiwamulika wezi, anaweza kuona sura. Wezi wakimmulika yeye machoni, wao ndio wanaomwona, naye anaona weupe tu wa taa. Kosa hili hujirudia mno katika kesi za usiku, na mahakimu wa chini hulipita kwa sababu neno "tochi" limewaridhisha.

Halafu kuna swali la alimtaja lini. Mahakama ya Rufani imekwisha sema mara nyingi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunaupa ushahidi wake nguvu, na kuchelewa bila maelezo kunaleta shaka. Mkulima wetu usiku uleule alifika kwa mwenyekiti wa kitongoji akasema "nimevamiwa na watu nisiowajua". Mwenyekiti alipoitwa mahakamani akalisema hilo, hakimu akaliandika, lakini kwenye hukumu halikuguswa. Sentensi hiyo moja inaweza kumtoa mtu gerezani.

Maelezo ya onyo nayo yana sheria zake. Mtu akikamatwa, polisi wana saa nne za msingi za kumhoji. Wakihitaji zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha kutoka kijijini mpaka kituoni hauhesabiwi, na upande wa mashtaka hulitumia hilo sana, wakati mwingine kwa haki kabisa, maana barabara zetu za vijijini wakati wa mvua zinajulikana. Ila mtu aliyefika kituoni saa nne asubuhi na kuandikwa maelezo kesho yake mchana, bila maelezo yoyote ya muda ule katikati, maelezo yake yanaweza kufutwa kwenye kumbukumbu. Zaidi ya muda lipo suala la mateso. Mshtakiwa akisema mahakamani kwamba alipigwa, hakimu anapaswa kusimamisha kesi na kuchunguza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari kabla ya kuyapokea. Na yakishapokelewa yasomwe kwa sauti, mshtakiwa ayasikie. Kielelezo cha maandishi kilichopokelewa bila kusomwa huondolewa kwenye jalada wakati wa rufaa kana kwamba hakikuwahi kuletwa.

Simu je? Hapo hutazamwa mkono hadi mkono: nani aliikamata, kwa hati gani, mshtakiwa alitia sahihi, shahidi huru alikuwepo, ilitunzwa wapi, nani aliileta mahakamani. Hutazamwa pia jambo dogo ambalo limeangusha kesi nyingi, yaani hati ya mashtaka na ushahidi kutofautiana. Hati inasema Tecno nyeusi. Mkulima anasema simu yake ilikuwa Itel ya bluu. Kilicholetwa mahakamani ni kitu cha tatu. Namba ya utambulisho ya simu haikutajwa na mtu yeyote.

Ukiviondoa vyote vitatu hakuna kinachobaki. Angalia sasa kwamba katika safari yote hii hatujamtafuta mwizi halisi, na pengine hatutamjua kamwe. Mahakama ya rufaa haisemi "kijana huyu hakuiba". Inasema upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Kazi ya kuthibitisha ni ya Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho, na mshtakiwa hafungwi kwa udhaifu wa utetezi wake.

Hapo ndipo watu wa kijijini wanapokasirika, na siwalaumu. Kijana anarudi, mkulima bado ana kovu begani, na maneno yanaanza kwenye vibaraza vya kahawa: kanunua kesi, katoka kwa vipengele. Lakini vitazame tena hivyo vinavyoitwa vipengele. Saa nne zipo kwa sababu mtu akikaa siku mbili mikononi mwa wanaomhoji anaweza kukiri lolote. Kusomwa kwa kielelezo kupo ili mshtakiwa ajue anachotakiwa kukijibu. Waziri Amani ipo kwa sababu watu wakweli kabisa, walioapa kwa imani yao, hukosea sura usiku. Kati ya sheria hizi naziona chache sana zilizo za urembo.

Zilikuwepo lakini. Mfano ni namna ushahidi wa mtoto ulivyokuwa ukipokelewa. Kwa miaka mingi hakimu alipaswa kumhoji mtoto kwanza kupima kama anaelewa maana ya kiapo, na akikosea hatua hiyo ushahidi wote wa mtoto uliweza kuporomoka, hata katika kesi nzito za ubakaji. Sheria ikabadilishwa mwaka 2016, ikatosha mtoto aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Mabadiliko mengine ya mwaka 2018 yaliziagiza mahakama kutanguliza haki kuliko ufundi wa taratibu. Kwa hiyo anayetegemea rufaa leo asikariri hukumu za miaka kumi na tano iliyopita. Nyingine zimekwisha pitwa.

Njia yenyewe ya rufaa si ngumu kuielewa, ni ngumu kuitembea. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, mfungwa anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe yenye sababu zake ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hautahesabiwa. (Kwa Mahakama ya Mwanzo ni siku 30, na rufaa inaanzia Mahakama ya Wilaya.) Aliyeko gerezani halazimiki kutoka, sheria inamruhusu kukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayezifikisha mahakamani. Kwa wa mikoa ya Mtwara na Lindi, rufaa hiyo inasikilizwa na Mahakama Kuu iliyoko Mtwara mjini, mbele ya jaji mmoja.

Hatua hii ya Mahakama Kuu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiharakisha. Jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Giza la mikorosho, maneno ya mwenyekiti wa kitongoji, rangi ya simu, vyote vinafaa hapa. Akishindwa hapa, Mahakama ya Rufani, kwa kesi zilizoanzia mahakama za chini, husikiliza hoja za kisheria tu. Mahakama mbili zikikubaliana juu ya ukweli wa jambo, ya tatu huwa nzito kuingilia, mpaka ionyeshwe kwamba zote mbili zilielewa ushahidi vibaya au kuna haki iliyopotea. Kesi ya mauaji iliyosikilizwa na Mahakama Kuu huwa na rufaa moja tu, inakwenda Mahakama ya Rufani moja kwa moja, kwa hoja za ukweli na za sheria pia. Kusudio la kwenda huko hutolewa ndani ya siku 30.

Ugumu uko wapi? Kwanza, nakala huchelewa. Pili, wafungwa huhamishwa. Aliyehukumiwa Newala akaletwa Lilungu, kisha akapelekwa gereza la mkoa mwingine, karatasi zake hubaki nyuma, siku zinapita, na hatua ya kwanza sasa inakuwa kuomba kuongezewa muda kwa kuonyesha sababu ya msingi. Tatu, lugha. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za mahakama za juu bado zinaandikwa kwa Kiingereza, achilia mbali majalada ya zamani. Mtu anapewa kurasa sitini zinazoeleza kwa nini atakaa ndani miaka 30, na hazisomi. Sababu za rufaa huandikiwa na mfungwa mwenzake aliyepata uzoefu kwa kushindwa rufaa zake mwenyewe.

Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, huwa na vikao vyake Mtwara. Majaji watatu wanaketi, Mawakili wa Serikali wako upande mmoja, na mrufani analetwa na askari magereza akiwa na nguo zake za rangi ya chungwa. Ukisoma hukumu zilizotolewa Mtwara, ambazo ziko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya TanzLII, utakuta jambo moja likijirudia mno: mrufani asiye na wakili anaulizwa aongezee nini kwenye sababu zake, anasema anaomba mahakama izipokee kama zilivyo, na Wakili wa Serikali aanze, yeye atajibu baadaye kama itabidi. Anafanya vizuri. Wakati mwingine Wakili wa Serikali anasimama na kusema Jamhuri inaunga mkono rufaa, kwa kuwa naye amelisoma jalada na kuona utambuzi haukuwa salama. Majaji hawafungwi na kauli hiyo, lakini upepo umeshageuka. Hukumu za namna hiyo humalizika kwa maneno karibu yaleyale: hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa, mrufani aachiwe huru mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine ya kisheria.

Si kila ushindi una maneno hayo, na hapa familia nyingi hupotea.

Rufaa ikikubaliwa kwa sababu ushahidi haukutosha, mtu yuko huru na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Rufaa ikikubaliwa kwa sababu kesi yenyewe iliendeshwa vibaya, mathalani hakimu alibadilishwa katikati bila sababu kuandikwa, au mahakama haikuwa na mamlaka, mwenendo mzima hufutwa. Hapo majaji wana uchaguzi: kumwachia au kuamuru kesi ianze upya. Mwongozo ni kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, iliyoamuliwa enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake, na irudiwe pale tu haki inapodai hivyo. Kwa hiyo mfungwa anaweza "kushinda" rufaa baada ya miaka tisa akajikuta mahabusu, anasubiri mashahidi walewale waliosahau nusu ya mambo na kuikumbuka nusu nyingine kwa namna mpya. Ndiyo maana mwandishi wa rufaa makini hasimami kwenye kasoro za utaratibu peke yake. Huonyesha pia kwamba hata ukiutazama ushahidi wote uliopo, haufiki popote. Hoja hiyo ndiyo inayofunga mlango wa kesi kurudiwa.

Mahakama ya Rufani ikikataa, ngazi imekwisha. Kinachobaki ni maombi ya mapitio, mbele ya mahakama ileile, ndani ya siku 60, na kwa sababu chache mno: kosa la wazi kwenye hukumu lililosababisha haki kupotea, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi batili, mahakama kutokuwa na mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa ulaghai au ushahidi wa uongo. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayokaribia riwaya zetu za Marekani. Ila "kosa la wazi" maana yake ni lile linaloonekana bila kuhitaji mjadala mrefu. Anayekwenda huko kulalamika kwamba majaji waliupima ushahidi vibaya anarudia rufaa kwa jina jingine, nao humwambia hivyo.

Kulikuwa na njia nyingine, ya Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwahi kupokea maombi ya wafungwa wengi wa Tanzania. Novemba 2015, katika kesi ya Alex Thomas, iliamua kwamba mtu anayekabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha alipaswa kupewa wakili bila malipo hata kama hakuomba. Haikuamuru aachiwe moja kwa moja. Iliiagiza Serikali kuchukua hatua za kurekebisha. Novemba 2019 Tanzania ilitangaza kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na mlango ule ukafungwa mwaka mmoja baadaye.

Msamaha wa Rais nao unatatanisha, tena kesi moja inaonyesha vizuri kuliko maelezo marefu. Mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, tunaowajua kwa majina ya Babu Seya na Papii Kocha, walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia watoto wengine wawili wa Nguza, ikabakiza hatia ya baba na Papii. Mapitio yakagonga mwamba. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli akawasamehe. Machi 2018, wakiwa wameshatoka, mahakama ya Arusha ikasema baadhi ya haki zao za kusikilizwa kwa haki zilivunjwa. Katika familia hiyo moja, wawili walitoka kwa mahakama na wawili kwa Rais, na kisheria hawako sawa. Aliyefutiwa hatia hana hatia. Aliyesamehewa chini ya Ibara ya 45 ya Katiba ameondolewa adhabu, lakini hukumu iliyomtia hatiani inabaki ilivyo. Ni ibara ya huruma. Anayedai hakufanya kosa asiishie hapo kama bado ana rufaa mkononi, ingawa sijui nani angemlaumu mtu aliyekaa ndani miaka kumi na tatu kwa kuuchukua msamaha bila maswali.

Kwa ndugu aliyeko nje, kazi ya maana basi ni hii. Fuatilia nakala ya mwenendo wa kesi pamoja na nakala ya hukumu, vyote viwili, maana hukumu ni muhtasari wa hakimu na mwenendo ndio wenye maneno ya mashahidi. Andika tarehe ya hukumu mahali usipopasahau. Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika pia huchukua kesi za wasio na uwezo. Kama kesi bado haijaisha, mwambie ndugu yako awaulize mashahidi maswali. Jambo ambalo shahidi alilisema na mshtakiwa hakumuuliza huhesabiwa kuwa amelikubali, na kimya hicho kinaandikwa.

Na ukipata taarifa za kweli kuhusu aliyefanya kosa, usizitupe. Zipeleke kwa maandishi kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, wakati rufaa ingali hai. Huenda zikawafanya Mawakili wa Serikali walisome jalada kwa jicho jingine.

Akishatoka, fidia ni shughuli nyingine. Hatuna sheria mahususi inayomlipa mtu kwa miaka aliyokaa gerezani kwa hukumu iliyofutwa. Anachoweza kufanya ni kufungua kesi ya madai ya kushtakiwa kwa nia mbaya, na humo atalazimika kuthibitisha kwamba aliyemshtaki hakuwa na sababu ya maana na alikuwa na chuki, jambo ambalo kutoka kwake gerezani peke yake halilithibitishi. Kama anayedaiwa ni Serikali, itangulie notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu kesi ya jinai ilipomalizika kwa upande wake. Kwa kijana wetu wa Tandahimba, siku ya kwanza ya miaka hiyo mitatu ni siku ile majaji waliposoma uamuzi wao Mtwara.